Kipande, Mshororo na Kioo cha Simu

Miongozo ya fasihi tunayopewa shuleni hugawa kazi mara mbili: maudhui huku, fani kule. Chini ya fani utakuta muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Faili hutalikuta. Hata hivyo mwanafunzi wa Litein au Sotik anayesoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi usiku kwenye simu ya mamake, mama akiwa amerudi kutoka kituo cha kupimia majani chai, hakutani na riwaya hiyo ana kwa ana. Hukutana kwanza na faili, nalo limekwisha kumwamulia mengi: mstari uishie wapi, herufi ziwe na ukubwa gani, jina la mhusika likae juu ya usemi wake au kando yake, ukurasa uwepo au usiwepo. Mambo hayo yote ni ya fani. Ajabu ni kwamba tunaandika kurasa na kurasa kuhusu takriri na tashihisi, kisha tunanyamaza kuhusu kitu kinachoweza kumvunjia mshairi vina vyake kabla msomaji hajavisikia.

Katika kaunti hizi za Kericho na Bomet faili hilo huwa, mara nyingi mno, ni PDF. Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, ya walimu na ya kidato cha nne, mtu haombi kitabu. "Mwalimu, uko na PDF?" Basi. Inatumwa, inapokelewa, inafunguka katika kila simu isiyokuwa kabambe, ile ya vitufe. Nyingi ya nakala hizo ni vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa bila idhini ya mwandishi wala mchapishaji, na hilo ni kosa mbele ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Lakini hata tukiweka uharamu kando kwa muda, mhakiki bado ana swali lake: kitabu kilichoingia humo kimetoka kikiwa kitabu gani?

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa. Kazi yake ilikuwa moja, na inaifanya vizuri sana: ukurasa uonekane vilevile katika kila kompyuta na utoke vilevile katika kila printa. Kwa barua ya mwajiri, risiti, hati ya shamba au karatasi ya mtihani, sijui kitu kinachoishinda. Ila ukiichungulia ndani, PDF ya kawaida haijui aya ni nini. Inajua mahali. Herufi hii iwekwe hapa, ile pale, umbali huu kutoka ukingoni. Kuna njia ya kuitia alama za muundo ili ijue kichwa ni kipi na aya ni ipi, lakini wengi wanaobofya kitufe cha kuhifadhi hawajishughulishi nayo. Na ikiwa ni kitabu kilichopigwa picha, hata herufi hazimo. Kuna picha za herufi. Ndiyo maana faili la riwaya ambayo maandishi yake matupu hayafiki megabaiti moja linaweza kuvimba hadi makumi ya megabaiti na kula bando lote la wiki.

Tufanye hesabu ndogo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa takriban milimita 70. Ukurasa mzima ukiingizwa humo, kila kitu hupungua hadi theluthi. Herufi za pointi 12, zilizokuwa za kusomeka vyema kwenye karatasi, zinakuwa za pointi 4, ndogo kuliko maandishi ya masharti yaliyo chini ya tangazo la mkopo. Msomaji hana budi kukuza. Akikuza, mstari unatoka nje ya kioo, naye anaanza ile kazi ya kidole: sogeza kulia umalize mstari, rudisha kushoto utafute mwanzo wa unaofuata, sogeza tena. Katika ukurasa wenye mistari 35, kidole kinakwenda na kurudi mara 35. Sentensi ndefu ya riwaya, ile ambayo mwandishi ameijenga kwa vishazi vinavyosubiriana, humfikia msomaji vipande vipande. Mwanafunzi akisema riwaya ni ngumu, sehemu ya ugumu huo haikuandikwa na mwandishi.

EPUB imejengwa kwa wazo tofauti kabisa. Ilizaliwa mwaka 2007 kutokana na kiwango cha zamani zaidi, toleo lake la tatu likatoka mwaka 2011, na tangu mwaka 2017 inasimamiwa na W3C, shirika lile lile linalosimamia viwango vya kurasa za intaneti. Si ajabu, maana ndani yake EPUB ni kurasa za intaneti zilizofungwa katika bahasha moja: hiki ni kichwa, hii ni aya, huu ni ubeti. Haisemi herufi ikae wapi. Inasema kitu ni nini, kisha inaiachia simu ipange kulingana na kioo chake na macho ya mwenyewe. Nyanya akitaka herufi kubwa, maandishi yanajipanga upya na hakuna kinachotoka nje ya kioo. Kwa nathari, mjadala kwangu umekwisha hapo. Riwaya na hadithi fupi zisomwe katika EPUB, kwa programu kama ReadEra au Moon+ Reader katika simu za Android, bila hata kuwasha data baada ya kuipakua. Huko kwenye milima ya chai, ambako mvua ya alasiri mara nyingine huondoka na mtandao na umeme kwa pamoja, hilo si jambo dogo.

Ushairi ndio unaotia mchanga katika kitumbua hiki.

Nitatunga ubeti mmoja wa tarbia, wa kufanyia jaribio tu, usioomba sifa:

Umande u majanini, wachumaji wanachuma,
Vikapu vi mgongoni, mizigo yawaandama,
Karani yu mizanini, kilo anazitazama,
Nami nipo kivulini, shairi ninalisoma.

Mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -ma. Sasa uhesabu kwa namna ambayo washairi wetu hawakuhitaji kuihesabu: kila mshororo, pamoja na nafasi na vituo, una herufi kati ya 37 na 39. Simu iliyowekewa herufi za ukubwa wa kustarehesha macho hubeba herufi 30 hivi, au 34, kwa mstari mmoja. Kwa hiyo EPUB iliyotengenezwa bila kufikiri itautoa ubeti wangu hivi:

Umande u majanini, wachumaji
wanachuma,
Vikapu vi mgongoni, mizigo
yawaandama,
Karani yu mizanini, kilo
anazitazama,
Nami nipo kivulini, shairi
ninalisoma.

Maneno hayakupotea, hata koma iko palepale. Lakini huu si tarbia tena. Msomaji asiyeufahamu ubeti wa asili ataona mistari minane, mirefu na mifupi ikipokezana, na atahisi kila neno la mwisho limepewa mstari wake kwa makusudi, kama pigo la ngoma: wanachuma, yawaandama, anazitazama, ninalisoma. Kina cha mwisho kimepandishwa jukwaani peke yake. Kina cha kati, ambacho ndicho bawaba ya mshororo mzima, kimefukiwa ndani ya mstari mahali ambapo jicho halitui. Na mstari unakatika baada ya "mizigo", baada ya "kilo", baada ya "shairi", pale ambapo sauti haina sababu ya kupumua. Simu imetunga bahari mpya, na kwa bahati mbaya bahari yenyewe inapendeza kidogo. Hapo ndipo hatari ilipo. Kosa linaloonekana baya hurekebishwa. Linaloonekana kama mtindo hufundishwa darasani.

PDF haifanyi hivyo. Mshororo ndani yake haukatiki kamwe, na watetezi wake wana haki ya kulisema hilo kwa sauti. Ila katika kioo kile kile, mshororo mzima wa A4 ni wa herufi za pointi 4, na ukikuzwa, utao unatoroka nje ya kioo. Msomaji anaona ukwapi wa mishororo yote minne, kisha anasogeza kidole na kuona utao wa yote minne. Majanini, mgongoni, mizanini, kivulini. Halafu, katika safari nyingine, chuma, andama, tazama, soma. Kwa hiyo PDF nayo huuvunja ubeti, ila huuvunja kwa wima.

Je, kuna cha kufanya? Kipo, na hakihitaji mtambo mpya. Inatosha anayetengeneza EPUB aiambie kwamba maneno ya ukwapi ni kitu kimoja kisichokatwa, na ya utao vivyo hivyo. Simu ikiwa pana, vipande viwili vinakaa mstari mmoja. Ikiwa nyembamba, mshororo unakatika mahali pamoja tu, penye koma, na utao unashuka chini ukiwa umeingizwa ndani kidogo:

Umande u majanini,
  wachumaji wanachuma,
Vikapu vi mgongoni,
  mizigo yawaandama,

Vina vyote viwili vimerudi mwishoni mwa mstari, mahali pa kusikika. Kuna atakayelalamika kwamba ubeti wa mishororo minne umekuwa na mistari minane. Mimi simuoni kuwa na hoja, na sababu yangu naitoa Lamu na Pate. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti wenye vipande vinne mara nyingi uliandikwa katika mstari mmoja tu, au miwili, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo, nyingine zikiwa zimerembwa kwa wino wa rangi. Mwandishi wa miswada kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefanya kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hakuhitaji mistari minne ili tujue ubeti una vipande vinne. Kuupanga utenzi kwa mistari minne inayoshuka ni desturi iliyoenea kwa vitabu vya herufi za Kilatini. Tumekwisha kuubadilisha umbo la kuonekana mara moja, na Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 haukufa kwa sababu hiyo. Kilichovuka kutoka mswada hadi kitabu ni kipande. Ndicho basi cha kulindwa kinapovuka kuingia simuni.

Utenzi wenyewe, kwa kweli, hauna shida. Kipande cha mizani nane ni herufi 20 hivi, na hakuna simu inayoweza kukivunja. Ukiutuma hata kama ujumbe wa kawaida wa WhatsApp, bila faili lolote, unafika mzima. Waliotunga tenzi ndefu za karne ya 18 walitutungia, bila kujua, umbo linaloishi vizuri kuliko yote katika kioo cha inchi sita. Shairi la mizani 16 liko ukingoni mwa kioo. Ukawafi, wenye vipande vitatu kwa mshororo, uko nje kabisa. Huko hakuna njia ila kukubali kwamba kila kipande kitakuwa na mstari wake.

Ushairi huru ni kesi nyingine, na ndiyo inayonishinda. Kithaka wa Mberia, katika diwani kama Mchezo wa Karata na Bara Jingine, hupanga maneno ukurasani kwa macho: neno linashuka, linatawanyika, nafasi tupu inasema jambo. Hapo hakuna kipande cha mizani nane cha kulinda. Ukurasa wenyewe ndio ubeti. EPUB inayojipanga upya italaza maneno yale yote kando ya ukingo wa kushoto kama orodha ya vifaa vya shule. Kwa mashairi ya aina hiyo narudi kwa PDF bila aibu, au kwa ile aina ya EPUB ambayo ukurasa wake umefungwa usijipange upya. Ndiyo, msomaji atalazimika kugeuza simu na kukuza. Ni gharama inayostahili, maana akipewa maneno bila nafasi zake atakuwa amepewa nusu ya shairi.

Tamthilia iko katikati. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kama tamthilia nyingine yoyote, ina sauti tatu zinazopaswa kutofautishwa kwa jicho: jina la msemaji, maneno yake, na maelezo ya jukwaa ndani ya mabano. Wachapishaji wengi huweka majina kushoto katika safu yao, na usemi kulia. Kwenye karatasi hiyo ni njia safi. Kwenye simu, safu mbili hugawana upana usiotosha hata moja. Usemi unabanwa ukashuka neno moja au mawili kwa mstari, na mazungumzo ya haraka, yale ya kukatana kauli, yanageuka kuwa marefu kama hotuba. Dawa ni rahisi: jina lisimame juu ya usemi kwa herufi nzito, au liungane nao mstari mmoja. Mwanafunzi anayejiandaa kueleza muktadha wa dondoo anahitaji kwanza kujua ni nani anamwambia nani, na faili zuri linamjibu swali la kwanza kabla hajaliuliza.

Bado mwalimu ana lalamiko lake, na ni la haki. "Fungueni ukurasa wa 60." Nusu ya darasa wana kitabu, watatu wana EPUB. Ukurasa wa 60 katika simu moja ni wa 142 katika nyingine, na mwenye herufi kubwa yuko wa 210. Hili ndilo jambo linalofanya shule na vyuo, pamoja na Chuo Kikuu cha Kabianga kilicho hapo hapo Kericho ambako tasnifu lazima itaje ukurasa, vishikilie PDF. Lakini EPUB ina njia ya kubeba kurasa za kitabu kilichochapishwa: alama isiyoonekana huwekwa pale ukurasa wa 60 wa karatasi unapoanzia, na programu inayoijua humpeleka msomaji hapo kwa mguso mmoja. Wachapishaji wengi huiacha kwa sababu ni kazi ya ziada. Kwa kitabu teule kinachosomwa nchi nzima kwa miaka kadhaa, sioni kisingizio.

Kuna kasoro nyingine ndogo kwa macho na kubwa kwa fani. Kila EPUB lazima itaje lugha yake, kwa kifupisho: sw kwa Kiswahili, kln kwa Kikalenjin. Kifupisho hicho hakionekani popote ukurasani. Ila programu inayokata maneno marefu mwishoni mwa mstari hukitegemea, na ile inayosoma kwa sauti pia. Mtengenezaji akiacha en, kama programu yake ilivyoletwa kutoka dukani, simu itakata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na utakutana na "wan-afunzi" mwishoni mwa mstari. Hii inaudhi zaidi kwa kuwa silabi za Kiswahili ni rahisi mno kuzifundisha mashine: nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu na ni nadra utakosea. Kwa asiyeona hali ni mbaya zaidi, maana atasomewa Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza na hataambulia kitu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, ule unaoruhusu vitabu kutengenezwa katika miundo inayowafaa wasioona bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Kampuni ya eKitabu, iliyoanzia hapa Kenya mwaka 2012, imejenga kazi yake juu ya EPUB kwa sababu kama hizi. Ruhusa ya sheria haitoshi ikiwa herufi mbili za lugha zimekosewa.

Na ule mkato wa juu wa ng'. Katika Kiswahili na katika Kipsigis, mkato huo ni sehemu ya herufi, wala si alama ya nukuu. Programu ya kuandikia hupenda kuupinda ili upendeze, na mara nyingine huupinda upande usio wake. Matokeo ni kwamba katika faili moja kuna ng'ombe wa aina tatu, na mwanafunzi anayetafuta mmoja hawaoni wawili. Katika PDF iliyopigwa picha hakuna hata mmoja wa kutafutwa.

Nimesema simu, simu, kwa sababu ndicho kifaa kilichopo. Vifaa vya kusomea vyenye wino wa elektroniki vimewahi kufika karibu. Ng'ambo ya mpaka wa Bomet, Kilgoris katika kaunti ya Narok, shirika la Worldreader lilileta Kindle shuleni mwanzoni mwa miaka ya 2010, baada ya kuanzia Ghana. Kioo cha aina hiyo kinasomeka juani bila kung'aa na chaji yake hukaa wiki kadhaa, sifa mbili ambazo simu haina. Lakini kilikuwa chepesi kuvunjika mikononi mwa watoto, na Kindle ya wakati huo ilikuwa na fomati zake: MOBI, iliyotoka kwa kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005, na nyinginezo za Amazon yenyewe. Kitabu kilichotengenezwa kwa MOBI kilitegemea sana nyumba moja. Mwaka 2022 Amazon ilianza kupokea EPUB katika huduma yake ya kutuma vitabu kwenye Kindle, na MOBI ikaanza kuondolewa humo. Aliyekuwa amehifadhi maktaba ya shule kwa MOBI pekee alibaki na kazi ya kubadilisha, akitaka kuituma kwa huduma hiyo. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imefuta 1984 ya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu walioinunua, kwa sababu ya mgogoro wa haki, ikawarudishia pesa. Kitabu kilichofungwa kwa kufuli la muuzaji kina mipaka hiyo, na katika nyumba ambamo simu moja husomewa na watoto watatu, kufuli linalomtambua mteja mmoja halijui limfungulie nani.

Kwa watoto wadogo hukumu yangu inageuka. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Johannesburg ulioanza kutoa hadithi mwaka 2014 huku Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, una hadithi za Kiswahili ambazo kila ukurasa ni picha moja na sentensi moja au mbili. Picha na sentensi haziachani. Zikijipanga upya, tembo anabaki juu na maneno yake yanaangukia ukurasa unaofuata, na mtoto anayeanza kusoma anapoteza kile kilichomsaidia kubahatisha neno. Hapa ukurasa uliofungwa ndio sahihi, iwe PDF au EPUB ya kurasa zisizobadilika.

Mchapishaji aliye na uwezo wa kutengeneza faili moja tu, basi, atengeneze lipi? EPUB, na sababu ni ya mwelekeo. Kutoka EPUB unaweza kutoa PDF ya ukubwa wowote kesho asubuhi. Kutoka PDF kurudi EPUB ni kama kutaka majani mabichi kutoka kwenye chai iliyokwisha pita kiwandani ikakatwa, ikapasuliwa na kusokotwa. Programu ya Calibre, ambayo ni bure na inabadilisha karibu kila kitu, yenyewe inawaonya watumiaji kwamba PDF ni miongoni mwa vyanzo vibaya kuliko vyote. Inalazimika kukisia: mstari huu umeishia hapa kwa kuwa aya imekwisha, au kwa kuwa karatasi imekwisha? Kwa nathari hukisia vizuri kiasi. Kwa tarbia iliyochapwa kwa safu mbili, huweza kusoma ukwapi wote hadi chini kabla ya kuurudia utao, na kuchanganya nambari ya ukurasa na kibwagizo.

Lakini najua kinachotokea Jumapili jioni huko Kapkatet au Mulot. Mwalimu wa Kiswahili ameandika maelezo yake na mashairi manne ya mazoezi kwa Word, hana muda wa kujifunza kutengeneza EPUB, na darasa linasubiri. Atahifadhi PDF, na sitamlaumu. Ninachomwomba kinachukua dakika moja: kabla ya kuhifadhi, aingie kwenye mpangilio wa karatasi, aachane na A4, aandike upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 16, pambizo nusu sentimita kila upande, herufi za pointi 12. Kisha apitie mashairi na kuvunja kila mshororo penye koma yake ya kati, kwa mkono. Faili litakuwa na kurasa nyingi zaidi na halitafaa kuchapwa. Kwa printa ya ofisi ahifadhi la pili, la A4, na kwenye kundi la darasa atume lile dogo.